Dania ya Roshani, Mkate wa Rosemari: Mwongozo wa Mpishi wa Hurlingham

Dania hupoteza harufu haraka kuliko watu wanavyodhani. Fungu linalouzwa jioni kwenye kibanda cha mama mboga karibu na Yaya Centre huenda liling'olewa jana yake, likafika soko la Marikiti alfajiri, likapakiwa tena hadi mtaani, kisha likashinda mchana kutwa likinyunyiziwa maji lisinyauke. Bado ni dania, na kachumbari italika. Lakini mpishi aliyewahi kukata dania yake mwenyewe na kuitia kwenye mchuzi papo hapo anajua tofauti iliyopo, na tofauti hiyo haidai shamba. Inadai mkebe wenye matundu chini, udongo mzuri, na mahali panapopata jua kwa muda wa saa nne au tano kila siku.

Hurlingham, mtaa wa Nairobi, ilikuwa na bustani za kutosha zamani. Kwa miaka mingi mtaa huu, pamoja na Kilimani jirani yake, ulikuwa wa nyumba za chini zenye viwanja vikubwa: mparachichi nyuma ya jiko, mlokwati karibu na lango, na ua wa kayaba, ule mti wa miiba mirefu wenye matunda ya manjano yenye ukali kama wa ndimu. Nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa na magorofa yakasimama mahali pake. Mpishi wa leo ana roshani ya hatua tatu, dirisha la jikoni, na pengine ruhusa ya kutumia paa pale nguo zinapoanikwa. Panatosha. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na mwaka 2020, wakati wa korona, Wizara ya Kilimo ikazindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni nchini. Wa kuombwa ruhusa kwanza ni mwenye nyumba, hasa kuhusu uzito juu ya paa na maji yatakayomchuruzikia jirani wa chini.

Sehemu moja ya mtaa iachwe kabisa, nayo ni ukingo wa barabara. Barabara kuu ya hapa iliitwa Hurlingham Road kabla ya kupewa jina la C.M.G. Argwings-Kodhek, wakili na waziri aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1969, na tangu hapo magari yamezidi kuongezeka. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa sokoni Kenya mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua udongoni miaka ile ingali inaweza kuwamo, na mvua huirushia majani ya chini pamoja na matope. Kwa hiyo usichote udongo wa kando ya lami hata kama ni mwekundu wa kupendeza. Nunua udongo na samadi iliyooza vizuri kutoka kwa wauza miche wa Ngong Road, uchanganye madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi, na kama udongo unashikana sana uongeze mchanga kidogo.

Mimea mitano ya kuanzia

Dania ndiyo ya kwanza, na ndiyo inayowashinda wengi. Mbegu yake si lazima iwe ya duka la kilimo. Ile ya kiungo inayouzwa kwa kupimwa huota vizuri mradi haijakaangwa wala haijakaa miaka dukani. Kila punje ya mviringo ina mbegu mbili ndani. Itandaze kwenye kitambaa, pitisha chupa juu yake kwa wepesi hadi punje zigawanyike, iloweke usiku mmoja, kisha ipande palepale itakapokulia, kina cha sentimita moja hivi. Usiihamishe baadaye. Dania ina mzizi mmoja mrefu usiopenda kusumbuliwa, na mche uliohamishwa hukimbilia kutoa maua. Majani huchomoza baada ya wiki moja hadi tatu, na kufikia wiki ya sita au ya saba kisu kinaweza kuanza kazi.

Wengi hupanda pakiti nzima siku moja, wakala dania kwa wiki mbili mfululizo, kisha wakabaki na vijiti. Ni afadhali kupanda kiasi cha kiganja kila baada ya wiki mbili au tatu, kwenye mikebe mitatu inayopokezana. Katika joto la Januari na Februari mikebe hiyo isogezwe kivulini baada ya saa sita mchana. Na dania ikishatoa maua, usiing'oe kwa hasira. Iache ifunge punje za kijani. Punje hizo mbichi, zikipondwa kwenye kinu pamoja na chumvi na pilipili, zina ladha iliyo kati ya jani na mbegu kavu, na hakuna kibanda Nairobi kinachoziuza mara kwa mara. Ni tunu ya aliyejipandia.

Rosemari ni kinyume cha dania karibu kwa kila jambo. Asili yake ni pwani za Bahari ya Mediterania, kwenye udongo wa mawe, na kinachoiua hapa Nairobi si ukame bali ni mkono wa mpandaji anayeimwagilia kila jioni. Huna haja ya kuinunua: ofisi na makazi mengi ya mtaa huu yana ua wa rosemari, na mtunza bustani akiombwa kwa adabu atakukatia vijiti. Chukua vya urefu wa sentimita 10 hadi 15, nyonyoa majani ya nusu ya chini, vichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, uviweke mahali penye mwanga lakini si jua kali. Baada ya mwezi mmoja au miwili vitakuwa na mizizi. Kuanzia hapo mwagilia tu pale kidole kikichomekwa udongoni kinapotoka kikavu.

Mnanaa huota mizizi ndani ya glasi ya maji dirishani kwa takriban wiki moja au mbili. Upewe mkebe wake peke yake, kwa kuwa hutambaa chini ya udongo na kuwafukuza wenzake wote. Mchaichai nao huanzia sokoni: tafuta mashina ambayo sehemu ngumu ya chini haijakatwa, yasimamishe majini hadi yatoe mizizi, kisha yahamishie ndoo ya lita 20, kwani kichaka chake hukua kwa kasi. Ukikata majani, vaa glovu au uwe mwangalifu. Kingo zake hukata ngozi.

Mrehani unataka joto, na Hurlingham haina joto la kutosha mwaka mzima. Mtaa huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi kiwango ambacho majani ya mrehani huanza kuwa meusi. Kati ya Juni na Agosti uingize ndani, dirishani. Kwa sababu hiyohiyo mrehani usiwekwe kwenye friji. Mashina yasimamishwe katika glasi ya maji juu ya meza. Nyonyoa vichwa vya maua kila vinapojitokeza, mmea utachanua majani badala yake. Watu wa Pwani wameujua mrehani tangu zamani zaidi kwa mapambo kuliko kwa chungu: ndio unaofungwa pamoja na asmini katika kikuba. Mpishi wa Nairobi anaweza kuutumia kwa yote mawili.

Tangawizi na manjano huota pia, lakini huhitaji miezi minane au zaidi na hukaa tu bila kusogea wakati wa baridi. Ziachwe kwa mwenye subira na nafasi. Pilipili, kinyume chake, hustawi kwenye mkebe wowote, na mti mmoja wa pilipili mbuzi hutosha nyumba nzima.

Gunia la mboga

Umbali mfupi kutoka Hurlingham, huko Kibra, kuna shule ya kilimo ambayo wakaazi wa magorofa wangefaa kuitazama. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza bustani za magunia katika mtaa huo, na familia nyingi zikapata sukuma wiki mlangoni. Mbinu yenyewe haina siri. Chukua gunia kubwa, kunja mdomo wake, tia udongo wenye samadi kwa kimo cha shubiri moja. Simamisha katikati mkebe uliotolewa kitako na kifuniko, uujaze kokoto. Zungusha udongo pande zote hadi ufike juu ya mkebe, kisha uvute mkebe juu taratibu huku kokoto zikibaki, uujaze tena, na uendelee hivyo hadi gunia lijae. Utakuwa umejenga nguzo ya mawe katikati ambayo maji hupitia na kufika chini kabisa. Bila nguzo hiyo udongo wa juu huloa, wa chini hukauka, na mboga za ubavuni hufa.

Toboa ubavu wa gunia kwa kisu, tundu moja kila baada ya sentimita 20 au hivi, upande miche. Sukuma wiki juu, mchicha na mnavu ubavuni, vitunguu vya majani pembezoni. Maji ya kusuuzia mboga na mchele yanafaa kabisa kumwagilia, jambo la maana katika mtaa ambao maji ya mfereji huja kwa zamu. Maji ya sabuni ya kufulia yasitumiwe.

Vidukari wakiingia, na wataingia, wapuliziwe maji yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo asubuhi mapema, hasa chini ya majani, na majani yaoshwe kabla ya kuliwa. Dawa kali ya dukani haina kazi kwenye mmea ambao jani lake linaweza kuliwa leo jioni.

Lini utie nini

Hapa ndipo mapishi mengi ya nyumbani huharibikia, hata kwa mwenye bustani bora. Harufu ya majani haya hutoka kwenye mafuta mepesi yaliyomo ndani ya jani, na moto huyafukuza. Jani gumu kama la rosemari huyashikilia na kuyaachia polepole. Jani laini kama la dania, mnanaa au mrehani huyapoteza kwa dakika chache. Kanuni basi ni fupi: jani gumu liingie mwanzoni, jani laini liingie baada ya moto kuzimwa. Mpishi anayetia dania pamoja na nyanya, akaifunika ichemke nusu saa, amepata rangi tu.

Shina la dania ni habari nyingine. Lina harufu nzito inayostahimili moto kuliko jani, na watu wengi hulitupa. Likatekate jembamba ulikaange pamoja na kitunguu, halafu majani yenyewe uyanyunyize sufuria ikishaepuliwa. Mchuzi mmoja unakuwa umepata dania mara mbili, na kila mara kwa namna yake.

Kwa nyama ya mbuzi, rosemari haina mpinzani. Kaanga kitunguu saumu na kijiti kizima cha rosemari kwenye mafuta kwa nusu dakika kabla nyama haijaingia. Mafuta ndiyo yanayobeba harufu; maji hayaiwezi kazi hiyo vizuri. Kijiti kimoja cha urefu wa kidole kinatosha kilo ya nyama. Kikizidi, nyama hunuka dawa ya kifua. Kitoe kabla ya kupakua.

Chatni ya dania ni mojawapo ya zawadi ambazo majiko ya Wahindi wa Nairobi yameupa mji huu, na bhajia za viazi zisingekuwa zilivyo bila yake. Saga pamoja konzi mbili za dania na mashina yake laini, konzi moja ya mnanaa, pilipili moja mbichi, kipande cha tangawizi, chumvi, sukari kidogo na maji ya ndimu mbili. Maji ya kawaida yaongezwe kwa kijiko, si kwa kikombe. Ndimu hulinda rangi ya kijani kwa muda, hivyo itiwe mapema. Kwenye friji chatni hii hukaa siku tatu nne ikiwa na ladha yake.

Chai ya mchaichai ndiyo rahisi kuliko zote: fundo la majani lipondwe kidogo kwa mpini wa kisu, lichemke dakika tano majini kabla ya majani ya chai kuingia. Kwa anayependa chai ya maziwa, maziwa yaje mwisho.

Managu ya gunia

Mnavu, ambao Nairobi nzima huuita managu, unastahili nafasi ya heshima katika bustani yoyote ya Hurlingham. Kuna wakati mboga za kienyeji zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini, nazo zikapungua sokoni. Kurudi kwake hakukuwa bahati. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akiwemo Patrick Maundu, walikusanya habari za mimea ya chakula cha asili, na kitabu alichoandika pamoja na wenzake kikatoka mwaka 1999. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kutafiti mboga hizi na kuzitetea. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Leo managu iko kwenye supamaketi, imefungwa vizuri, kwa bei inayomshangaza aliyeila bure utotoni.

Kata ncha za matawi kwa kidole na gumba wiki ya nne au ya tano baada ya kupanda, na urudie kila wiki. Mmea utazidi kutanuka. Chambua majani na mashina laini. Maua yaondolewe, na matunda mabichi ya kijani yasiliwe, kwa kuwa yana sumu. Osha majani yakiwa mazima, katika maji mawili au matatu, kabla ya kuyakata. Yakikatwa kwanza, virutubisho huondoka na maji ya kuoshea.

Chemsha kwa maji machache dakika nane hadi kumi. Anayeogopa uchungu achanganye na terere, yaani mchicha, nusu kwa nusu. Magadi, ambayo watu wengine hutia ili mboga ilainike na ibaki kijani, huharibu vitamini C, na jani changa la bustani halihitaji kulainishwa. Kaanga kitunguu kwenye sufuria nyingine, tia nyanya moja tu, kisha mboga, kisha nusu kikombe cha maziwa au malai. Moto uwe mdogo, sufuria iwe wazi, hadi maziwa yashikamane na majani na kukauka karibu yote. Ukiibandika tena kesho yake na kuongeza maziwa kidogo, itakuwa tamu zaidi. Wapishi wa magharibi mwa Kenya wamelijua hilo siku nyingi.

Kuoka juu ya mlima

Anayeoka Hurlingham kwa kufuata kipimo cha kitabu kilichoandikwa London au Mombasa mara nyingi huona keki ikiumuka vizuri, kisha ikabonyea katikati. Kosa si lake. Katika kimo hiki hewa ina shinikizo dogo: maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo sababu maharagwe ya githeri huchelewa kuiva, na gesi iliyo ndani ya unga hutanuka kupita kiasi kabla keki haijashika. Dawa yake ni kupunguza beking pauda kwa karibu robo, kupunguza sukari kwa kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe, na kuongeza maziwa au maji vijiko viwili au vitatu kwa kila kikombe cha maji yaliyoandikwa. Yai moja la ziada husaidia keki kusimama.

Jaribu hilo kwa keki ya limau na rosemari. Kijiko kimoja cha chai cha majani ya rosemari yaliyokatwa kama unga, pamoja na ganda la limau mbili lililokunwa, yasuguliwe kwa vidole ndani ya robo tatu ya kikombe cha sukari hadi sukari ilowe na kunukia. Hatua hii usiiruke, kwani ndiyo inayotoa mafuta ya majani. Piga sukari hiyo na gramu 125 za siagi, tia mayai matatu moja moja, kisha vikombe viwili vya unga wa ngano vilivyochekechwa na kijiko kimoja na nusu cha chai cha beking pauda, ukipokezanisha na nusu kikombe cha maziwa na vijiko viwili juu yake. Oka kwenye nyuzi 180 kwa dakika 45 hivi, hadi kijiti kitoke kikavu.

Mkate wa rosemari ni wa watu wa haraka na wa wavivu pia, maana kazi kubwa hufanywa na hamira. Pasha vijiko vitatu vya mafuta na kijiko kimoja cha chakula cha rosemari iliyokatwa, moto mdogo, kwa dakika moja, acha yapoe. Changanya gramu 500 za unga wa ngano, vijiko viwili vya chai vya hamira ya chembe, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi na kijiko cha sukari. Mimina mafuta yale na maji ya uvuguvugu kama mililita 300, ukibakisha kidogo uone unga unavyonywa. Kanda dakika kumi, hadi donge liache kushika mkononi na likivutwa linyumbuke bila kukatika. Funika.

Saa isikudanganye hapa. Unga huumuka upesi zaidi Nairobi kuliko pwani kwa sababu ya ile hewa nyepesi, lakini jiko la baridi la Julai hurudisha mwendo nyuma. Tazama ukubwa: donge likishakuwa mara mbili ya lilivyokuwa, libonyeze kwa kidole. Shimo likijaa polepole bila kufutika kabisa, donge liko tayari. Likijifuta mara moja, subiri. Libonde litoke hewa, litengeneze mkate, liumuke tena nusu saa, upake mafuta juu na kunyunyiza chumvi ya chembe, uoke kwenye nyuzi 200 kwa dakika 30 hadi 35. Mkate ulioiva ukigongwa kitako hutoa mlio wa kitu kitupu.

Asiye na oveni ana jiko la makaa. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini ipashwe moto, sufuria ndogo yenye unga iingizwe ndani, kifuniko cha bati kifunike, na makaa mengi yawekwe juu ya kifuniko kuliko chini. Wapishi wengi huweka sawasawa, na mkate huungua kitako ukiwa mbichi juu. Kazi hii ifanyiwe uani au juu ya paa penye hewa. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na imeshaua watu wengi waliojifungia nayo ndani ya chumba wakati wa baridi.

Chapati ya malenge haihitaji oveni hata kidogo. Kikombe kimoja cha malenge yaliyochemshwa na kupondwa huingia kwenye vikombe vitatu vya unga, pamoja na chumvi, mafuta na konzi ya dania iliyokatwa. Maji yaje mwisho kabisa, kwa sababu malenge yana maji yake na huwezi kujua kiasi hadi uyakande. Donge lipumzike nusu saa, lisukumwe, lipakwe mafuta, lizungushwe kama konokono, lipumzike tena. Chapati hizi hubaki laini hadi kesho yake asubuhi.

Kuweka akiba bila kujidhuru

Rosemari na mchaichai hukaushwa kwa kuning'inizwa kivulini. Ukitumia jani kavu, theluthi moja ya kiasi cha jani bichi inatosha. Dania ikikaushwa hubaki nyasi. Ni heri kuikata, kuichanganya na mafuta kidogo na kuigandisha kwenye trei ya barafu, kila kipande kikiwa tayari kwa sufuria moja.

Chupa za mafuta zenye vitunguu saumu na majani mabichi ndani yake, zinazopangwa dirishani kwa uzuri wake, zina hatari ya kweli. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na hapo bakteria wa botulizimu huweza kuzaana na kutoa sumu bila kubadili harufu wala ladha. Mafuta ya namna hiyo yakae kwenye friji na yamalizwe ndani ya siku nne, au yatengenezwe kwa majani yaliyokauka kabisa.

Penye miti ya zamani, matunda yake yasiachwe kuoza chini. Kayaba hutengeneza jamu nzuri, yenye kuganda yenyewe. Lokwati pia, ila kokwa zote zitolewe kabla ya kupika, kwa kuwa zina kemikali inayoweza kutoa sayanidi. Na ule mti wa maua marefu ya tarumbeta yanayoning'inia kwenye nyua nyingi za magharibi mwa Nairobi usiwe karibu na bustani ya chakula. Ni sumu kuanzia ua hadi mbegu, na watoto wafundishwe kutougusa.

Wakati mzuri wa kuanza ni mwishoni mwa Septemba au mwishoni mwa Februari, wiki chache kabla mvua hazijashuka, ili mizizi iwe imeshika maji yanapokuja. Anayeweza kupanda mimea yote mitano, apande. Mwenye nafasi ya mkebe mmoja tu apande dania, kwa kuwa ndiyo inayotumika karibu kila siku na ndiyo inayopoteza zaidi njiani kutoka sokoni. Rosemari inaweza kuombwa kwa jirani.